Safari Ndefu Kutoka Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, wenzangu kazini huanza kunisogelea mezani na swali lilelile: "Dada, mwaka huu mnapitia wapi?" Nilihamia Dodoma 2017, mwaka mmoja baada ya Serikali kutangaza kwamba safari hii inahamia kweli, na kwetu ni Muleba, mkoani Kagera. Tangu hapo nimekwenda na kurudi kwa basi, kwa gari letu dogo, kwa treni na mara mbili kwa ndege. Nimesafiri na watoto, nimesafiri na mama mkwe, nimesafiri peke yangu. Wengi wetu hapa makao makuu tuko hivyo: kazi iko Dodoma, nyumbani ni kwingine, na katikati kuna kilomita mia tano, mia saba au elfu moja. Majibu haya ni yale ninayowapa wao.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu majibu yote yanaliegemea. Usilinganishe nauli na nauli. Linganisha safari nzima, tangu mlango unaoufunga Dodoma hadi mlango utakaobisha hodi, na uchovu uutie kwenye hesabu kama unavyotia mafuta.

Nianzie wapi: basi, treni, ndege au gari langu?

Anza na upande unaoelekea. Dodoma iko katikati ya nchi, na hakuna chombo kimoja kinachofaa pande zote. Ukienda mashariki, Morogoro na Dar es Salaam, treni ya umeme imeshamaliza ubishi kwa watu wengi. Ukienda magharibi na Kanda ya Ziwa, basi ndilo linalobeba watu, na gari binafsi huanza kuwa na maana mkiwa wengi. Kaskazini hadi Arusha na kusini hadi Iringa na Mbeya ni lami, mnaondoka asubuhi mnafika siku hiyohiyo.

Ukishajua upande, jiulize mko wangapi, mna mizigo gani, na nani ataendesha. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Nimeona familia imepanga kila kitu hadi rangi ya fulana za watoto, kumbe mwenye leseni ni baba peke yake, na usiku uliotangulia alitoka kazini saa nne.

Dodoma hadi Dar es Salaam: SGR au basi?

SGR, yaani hiyo treni ya umeme ya reli ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma Julai 25 mwaka huohuo, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi Agosti mosi. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Ile isiyosimama sana hutumia kama saa tatu na nusu, inayosimama vituo vya njiani inakaribia saa nne. Basi mwendo wake unasomwa na kifaa cha kufuatilia, haliruhusiwi kuvuka kilomita 85 kwa saa, kwa hiyo kilomita 450 hizo ni saa saba hadi tisa kutegemea mizani ya Vigwaza na foleni ya Mlandizi na Kibaha.

Sasa fedha. SGR ilipoanza, nauli ya mtu mzima kwenye treni ya kawaida ilikuwa Sh 31,000, watoto wa miaka minne hadi kumi na miwili nusu yake, na walio chini ya miaka minne hawalipi. Kwa mabasi, viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vya Desemba 2023 vilikuwa Sh 48.47 kwa kila kilomita kwa daraja la kawaida na Sh 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha kwa kilomita 450: basi la kawaida ni kama Sh 21,800, la daraja la kati ni kama Sh 30,500. Basi zuri na treni vimekaribiana kwa bei, na treni inakurudishia nusu ya siku yako. Nauli hupanda, kwa hiyo kabla ya kulipa angalia iliyopo, ila namna ya kulinganisha ndiyo hiyohiyo.

Lakini uliza unashukia wapi. Treni inakufikisha katikati ya jiji, jirani na Kariakoo. Basi linakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Dada yangu anaishi Kibaha. Nikienda kwake napanda basi, nashuka pale pale barabarani, natembea dakika kumi. Siku moja nilipanda treni kwa ajili yake, nikatumia karibu saa tatu kutoka mjini kurudi Kibaha jioni ya foleni, mtoto amelala begani. Kwa mtu wa Ilala, Temeke au Kigamboni jibu ni kinyume kabisa: treni, bila kufikiri mara mbili.

Kitu kingine, treni haina huruma na mchelewaji. Basi likikuacha stendi ya Nzuguni, bodaboda wapo wanaojua kulifukuzia hadi Ihumwa (sikushauri, nimeona wanavyokimbia). Treni ikifunga mlango imekwenda. Shirika la Reli linataka abiria wafike saa mbili nzima kabla ya treni kuondoka. Mimi nafika kwa muda huo na kitambulisho mkononi, kwa sababu jina la kwenye tiketi na la kwenye kitambulisho lazima vifanane.

Nimesikia SGR imefika Makutupora. Je, naweza kupanda hapo kwenda Tabora au Mwanza?

Swali hili limeshawachanganya wengi, na kosa si lao. Makutupora ziko mbili. Moja ni hii yetu ya Dodoma, kaskazini mwa jiji, yenye visima vya maji na kambi ya JKT. Makutupora ya reli ni nyingine, iko wilayani Manyoni, mkoani Singida. Kipande cha reli kilichoitwa Morogoro–Makutupora, kilomita 422 ukihesabu na njia za kupishania, kinaishia huko Manyoni, na abiria wa Dodoma hushukia Dodoma.

Kutoka hapo reli imegawanywa vipande vya ujenzi: Makutupora–Tabora kilomita 368, Tabora–Isaka 165, Isaka–Mwanza 341, na tawi la Tabora–Kigoma 506. Ukisikia mtu anasema "SGR ya Mwanza", anazungumzia hivyo. Usipange safari ya familia kwa kutegemea reli inayojengwa. Panga kwa treni unayoweza kuikatia tiketi leo.

Na treni ya zamani je, bado inafaa?

Inafaa kwa mtu mwenye muda na mzigo, hasa wa Tabora na Kigoma. Reli hii ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia 1905 kutokea Dar es Salaam, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Mwanza lilikuja baadaye, 1928, wakati wa Waingereza. Ni kilomita kama 1,250 kutoka bahari hadi ziwa, na vijiji vingi vya njiani bado vinaishi kwa kuisikiliza ikipita.

Inatembea siku chache tu kwa wiki na ratiba hubadilika, kwa hiyo nenda stesheni ukaulize mwenyewe. Ukiweza, kata daraja la pili la kulala: unapata kitanda, unanyoosha mgongo, unaamka Tabora. Daraja la tatu kwa safari ya usiku ni adhabu kwa mtu mzima na zaidi kwa mtoto. Beba maji, shuka na kitu cha kujifunika, maana usiku kati ya Manyoni na Tabora baridi inaingia kama mlango uko wazi. Na usipange mkutano wala msiba kwa kutegemea saa yake ya kufika.

Gari langu dogo litaniokolea fedha?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua Dodoma–Mwanza, kilomita 700. Gari dogo la injini ya lita moja na nusu, likiwa limejaa watu na mizigo, lipe kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 58 na kitu. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa mfano tu, tuseme lita ni Sh 3,000. Mafuta ya kwenda ni Sh 175,000.

Siti nne za basi la kawaida kwa viwango vile vya 2023 ni Sh 135,700. Siti nne za daraja la kati ni Sh 190,000. Kwa watu wanne, basi la kawaida ni nafuu kuliko mafuta peke yake, na hujahesabu oili, matairi, wala mahali pa kulala. Mkiwa wawili, gari ni hasara ya wazi. Basi la daraja la kati gari linalishinda kwa mafuta mkiwa wanne, na mkifika watano linalishinda kwa mbali, na mnatembea kwa saa zenu.

Watu wakiniuliza huwaambia hivi: unapochukua gari, usijidanganye kwamba unaokoa fedha. Unanunua uhuru. Uhuru wa kusimama Singida mtoto akitapika, wa kubeba magunia ya mahindi kurudi, wa kuzunguka kwa ndugu ukishafika bila kuomba lifti. Kwetu kijijini, kutoka barabara kuu hadi nyumbani ni kilomita kumi na moja za vumbi, na kwa mama mkwe wangu mwenye magoti mabovu gari limelipa kila shilingi. Kama unakoenda daladala inasimama mlangoni, panda basi upumzike.

Mwanza au Kagera nitafika kwa siku moja nikiendesha mwenyewe?

Mwanza inawezekana mkiwa madereva wawili na mkitoka saa kumi na moja alfajiri. Kagera, hapana. Muleba ni kama kilomita 900, Bukoba inakaribia 1,000, na mimi silali njiani kwa anasa, nalala kwa sababu nimeona macho yangu yanavyofanya baada ya saa kumi za usukani.

Njia yenyewe ni hii. Unatoka Dodoma kwa Nala, mizani iko kushoto na malori yamepanga mstari. Bahi ni tambarare; ukimaliza Kintinku barabara inaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na hapo malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usilipite lori kwenye kona za mlima huo hata kama nyuma wanakupigia honi. Manyoni, Issuna, Ikungi, Singida: kilomita 240 kutoka Dodoma, mahali pazuri pa supu. Baada ya Singida unakuja Sekenke, mteremko mkali wa kushuka kwenye mbuga za Wembere. Shuka na gia, miguu isikae juu ya breki. Ukifika chini Shelui, kabla ya Igunga, barabara inanyooka hadi inachosha macho, na jua la mchana linaifanya lami ionekane kama ina maji. Hapo ndipo usingizi unapowapanda madereva wengi. Kisha Nzega, kisha Tinde. Tinde ndipo wa Mwanza na wa Kagera wanapoagana.

Sisi wa Kagera tunalala Kahama. Gesti zipo za kila mfuko. Kabla ya kuulizia bei ulizia maegesho yenye ukuta na mlinzi, kwa sababu gari lililojaa zawadi linaonekana kwa mbali. Asubuhi yake tunashika Ushirombo, Lusahunga, Biharamulo, na saa nane mchana watoto wameshakaa mapajani kwa bibi yao.

Daraja jipya la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, na kivuko kile kilichokuwa kikitulaza foleni si kizuizi tena. Ukitaka kusalimia ndugu wa Mwanza kisha uendelee Geita na Kagera, sasa inawezekana bila kupoteza nusu siku.

Gari nilifanyie nini kabla ya kuondoka?

Lipeleke gereji siku tano kabla, usingoje mkesha wa safari. Kitu kilichofunguliwa na kufungwa upya kinahitaji siku mbili tatu za mjini kuonyesha kama kimekaa. Angalia breki, mikanda, maji ya rejeta, betri, wepa na taa zote. Halafu matairi. Kila tairi lina tarakimu nne pembeni za wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka, kwa sababu mpira umezeeka kwa ndani.

Nalisema hili kwa uzito. Desemba ya mwaka mmoja tulipasuka tairi la nyuma katikati ya Wembere, saa saba mchana. Tulikuwa watano, hakuna mti. Nikatoa spea, nikaifunga, nikashusha jeki, na spea ikakaa chini kama chapati. Haikuwa na upepo. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa hiyo. Watoto walikuwa na chupa mbili za maji ya moto, na magari madogo yalipita bila kupunguza mwendo.

Aliyesimama ni lori la mizigo. Utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, akashuka, akanisalimia "Shikamoo mama," akaangalia tairi, akarudi kwenye lori bila kusema neno. Akaja na mpira mrefu ameuchomeka kwenye mtungi wa upepo wa breki za lori, akajaza spea yangu hapo hapo, akaigonga kwa ngumi kusikiliza, akaongeza kidogo. Nilimpa fedha, akazikataa. "Mama, kama una maji ya kunywa, yanatosha." Tulikuwa na chupa moja nyingine, ya baridi, ndani ya blanketi. Mwanangu mdogo ndiye aliyempelekea.

Kwa hiyo: spea yenye upepo, jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zako, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao muda wake haujaisha, tochi, na maji lita kumi zaidi ya mnayodhani mnahitaji.

Ni salama kusafiri usiku?

Mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24 tangu Oktoba 2023, baada ya miaka mingi ya kuzuiwa. Basi la usiku lina madereva wawili na linafuatiliwa, na kwa mtu anayewahi jambo asubuhi lina faida yake.

Kuendesha mwenyewe usiku ukanda huu, sikushauri. Ng'ombe na punda hulala kwenye lami kwa sababu ina joto. Lori likiharibika, onyo unalolikuta mara nyingi ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani, na kwa mwendo wa kilomita mia unayaona wakati umeshayafikia. Ukiona majani kwenye lami, hata mchana, punguza mwendo papo hapo. Kuna kitu mbele. Sisi sheria ya nyumbani ni kwamba saa kumi na mbili jioni gari liwe limezimwa.

Vipi Arusha?

Pitia Kondoa. Lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na zamani watu tulizunguka Chalinze au Singida kwa safari ambayo sasa ni kilomita kama 430. Basi hutumia saa sita hadi saba, ukipita Babati na Makuyuni. Ukiwa na gari lako na saa mbili za ziada, ingia Kolo uone michoro ya miambani, ile iliyoandikwa kwenye Urithi wa Dunia 2006. Watoto wangu bado wanaizungumzia. Ila milima ya kabla ya Bereko ina ukungu asubuhi, washa taa.

Na Iringa, Mbeya?

Barabara ya Mtera, kilomita 260 hadi Iringa, lami yote. Unavuka juu ya bwawa, samaki wanauzwa pembeni. Hupiti Mikumi wala Kitonga, kwa hiyo msongamano wa malori unaukuta Iringa tu. Mbeya ni kilomita kama 330 zaidi.

Tiketi za Desemba nikate lini, na wapiga debe niwafanyeje?

Wiki tatu kabla kwa basi, na kwa treni mara tu zinapofunguliwa kuuzwa. Tarehe 18 hadi 24 Desemba Nzuguni hapapumuliki. Kata tiketi ya kielektroniki yenye jina lako, nauli uliyolipa na namba ya gari. Nauli iliyoandikwa isipofanana na fedha uliyotoa, usipande kabla ya kuuliza. Namba ya simu ya bure ya LATRA imebandikwa ndani ya basi.

Ulizia basi linaanzia wapi. Mabasi mengi ya Kanda ya Ziwa yanatoka Dar es Salaam na kupita Dodoma mchana, siti zilizobaki ni za nyuma, na utafika usiku wa manane. Yanayoanzia Dodoma alfajiri ni machache, lakini ndiyo ninayoyatafuta. Mwaka mmoja nilimwamini kijana mmoja stendini aliyeniambia "Dada, siti ya dirishani imebaki moja, lipa haraka." Nilipoingia, siti ile ilikuwa na mama na mtoto mchanga wenye tiketi halali. Nilisimama hadi Manyoni. Tangu hapo silipi nje ya dirisha la ofisi au simu yangu.

Mvua zinaharibu safari?

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na unaangukia likizo. Mvua yenyewe si nyingi kwa mwaka, ila inakuja kwa nguvu, korongo lililokuwa mchanga asubuhi linakuwa mto jioni. Januari 2014 mafuriko yalikata daraja pale Dumila, na Machi 2020 barabara ya Dodoma–Morogoro ilikatika Kiegeya, Gairo. Waliokuwa njiani walizunguka Iringa. Kwa hiyo msimu huo kuwa na njia ya pili kichwani na fedha ya usiku mmoja wa ziada mfukoni. Maji yakivuka barabara na huoni lami, simama. Subiri hata saa tatu. Usimfuate aliyepita.

Trafiki na tochi?

Kila kijiji kina kibao cha 50, na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, hukaa pale unapodhani kijiji kimeisha. Hakijaisha hadi uone kibao cha kumaliza. Faini ni Sh 30,000 kwa kosa, inalipwa kwa namba ya malipo, haipokelewi mkononi. Mimi nimepunguza mwendo kwa sababu nyingine: vijiji vyetu viko kando ya barabara, na shule iko ng'ambo ya nyumba.

Nasafiri na mzee na watoto wadogo. Nizingatie nini?

Kusimama. Basi husimama kwa chakula dakika ishirini, na kuchimba dawa ni porini, jambo ambalo mzee hawezi na mama anaona aibu. Mwambie konda mapema, kwa heshima, kabla basi halijaondoka: "Ndugu yangu, nina mzee, naomba utusimamishie penye choo." Wengi husaidia. Siti ziwe za mbele ya magurudumu ya nyuma, hapo hapatikisiki sana. Anayetapika akae mbele, ale kidogo, anuse limau. Miguu ya mzee ivimbayo ainyanyue kwenye begi, na kila kituo ashuke atembee hata hatua thelathini.

Kwa treni ya SGR mzee anapata choo na anaweza kutembea ndani. Hiyo peke yake inatosha kuichagua kwa upande wa mashariki.

Ndege ina maana yoyote?

Dodoma–Dar es Salaam, kwa wengi wetu, sasa ina maana ndogo: ukijumlisha kuwahi uwanjani na foleni ya kutoka uwanja wa Julius Nyerere, umeokoa saa moja kwa bei ya mara kadhaa. Kwa Bukoba na mgonjwa au mzee sana, ina maana kubwa. Mama mkwe alipofanyiwa upasuaji wa goti tulimpandisha SGR hadi Dar es Salaam, akalala kwa wifi yangu, kesho yake akapanda ndege ya Bukoba. Ilikuwa ghali, na alifika akiwa anacheka.

Nibebe zawadi gani kutoka huku?

Zabibu, ubuyu na karanga za Dodoma. Asali ukipita Manyoni. Mafuta ya alizeti na vitunguu Singida, na kuku wa kienyeji kama mtashinda kelele zake. Mahindi nunua Kibaigwa ukiwa unaelekea mashariki.

Zabibu zina masharti. Nunua jioni ya kuamkia safari, usizioshe, zipange kwenye boksi la karatasi lenye matundu, safu moja ikitenganishwa na nyingine kwa gazeti, na zikae miguuni kwa abiria. Kwenye buti zinaiva kwa joto kabla hujafika Singida. Zilizofungwa hivi tumezifikisha Muleba siku ya pili zikiwa bado ngumu kwenye vikonyo vyake.